Mifuko Tisa ya Jasi

3 Machi
Nimepata kazi, tena mbili kwa pamoja: kutunza stoo na kumtafsiria msanifu majengo kutoka Uhispania. Anaitwa Amparo Villescas, mama wa miaka sitini na moja. Amekuja Mella, upande wa Uganda, kujenga nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua, karibu na zahanati ya parokia. Kiingereza chake ni cha kukatikakatika, na mafundi wengi hawakitaki kabisa. Wao wanasikilizana kwa Kiswahili, maana mmoja ni Japadhola, mwingine Mteso, mwingine Msamia. Nitalala Mella siku za kazi, Jumamosi nitavuka kwenda kwangu Busia, upande wa Kenya. Nimenunua daftari hili leo nikiwa mpakani.

5 Machi
Amekuja bila mchoro. Hata karatasi moja hana.

Fundi mkuu wetu ni Mzee Ochwo, ambaye amejenga nusu ya madarasa ya Mukuju. Alimsalimia kwa heshima, akauliza, "Madam, plani iko wapi?"

Nikatafsiri. Madam Amparo akajibu kwamba bado haipo.

Mzee Ochwo akanigeukia. "Maximilla, wewe natafsiri vizuri kweli?"

Kisha mgeni wetu akaomba kigoda, akaenda kukaa chini ya upenu wa zahanati. Alikaa hapo mpaka saa kumi jioni akiwatazama wajawazito. Sijawahi kuona mtu analipwa kukaa.

6 Machi
Amekaa tena.

7 Machi
Amekaa tena. Mzee Ochwo ameenda kupalilia mtama wake.

9 Machi
Leo aliniita nimtafsirie kwa akina mama. Alitaka kujua kwa nini wanabanana kwenye ubao karibu na jiko lenye moshi, ilhali kuna benchi nzuri kwenye veranda. Walicheka, wakatazamana. Mwishowe mmoja akasema, "Kutoka pale tunaona geti. Tunaona nani amekuja kututazama."

Madam Amparo aliandika neno moja tu kwenye kijitabu chake. Akaniambia nyumba hii itatazama geti. Mimi nimepita kwenye ubao ule mara ngapi sijui, na sikuwahi kujiuliza lolote.

14 Machi
Amechora nyumba nzima chini, kwa majivu ya jikoni, ukubwa uleule itakaokuwa nao. Ukuta kwa ukuta, kitanda kwa kitanda. Halafu akaomba wajawazito waingie ndani yake na walale kwenye mikeka.

Wa kwanza kulala alikuwa Daphine, Msamia aliyeolewa hapa Mella na Oketcho, fundi mdogo kuliko wote kwa umri, mtu wa miaka thelathini. Mimba yake ina miezi minne na nusu. Alilala ubavu, akatazama huku na huku, akasema, "Hapa mlango utanipiga kichwa kila mtu akiingia."

Nilipotafsiri, Madam Amparo alifuta mlango kwa kiatu chake, akauchora upande wa pili. Hakubishana hata kidogo. Oketcho alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza amemwona.

18 Machi
Siku ya maneno mengi. Leo ametuambia kuhusu paa. Halitakuwa na mbao wala chuma wala bati. Litakuwa tao la vigae vya udongo wa kuchoma, vyenye unene wa vidole viwili, vilivyochomwa hapo Mukuju na kuletwa kwa baiskeli. Safu ya kwanza inagandishwa kwa jasi, ule unga mweupe ambao ukiukoroga na maji unakauka kabla hujahesabu mpaka thelathini. Kigae kinashikwa hewani kwa mkono, unahesabu, unakiachilia, nacho kinabaki kimening'inia. Safu ya pili na ya tatu, juu yake, zinagandishwa kwa saruji ya kawaida. Baba yake na babu yake, huko kwao karibu na Valencia, walijenga hivyo.

Mzee Ochwo alisikiliza hadi mwisho. "Mwambie hiyo ni kaburi."

Sikutaka kutafsiri, ila mwenyewe aliomba nitafsiri kila neno. Madam Amparo akachukua mwiko. Akajenga tao dogo kati ya mafungu mawili ya matofali, jembamba kama chapati ukilitazama kwa ubavu. Likakauka tukinywa chai. Akapanda juu yake, akasimama. Akashuka, akamwonyesha Mzee Ochwo kwa kiganja, kama mtu anayekaribisha mgeni kitini.

Mzee Ochwo si mtu mwepesi. Akavua viatu, akapanda. Tao halikulia hata kidogo. Alibaki pale juu muda mrefu akitazama miguu yake.

22 Machi
Mvua imeanza rasmi. Hatukufanya kazi. Amenisimulia habari zake.

Alisoma Barcelona. Akiwa na miaka thelathini alishinda tuzo kwa jumba la maonyesho, baadaye maktaba, baadaye ukumbi wa muziki. Picha za majengo yake zilitoka kwenye magazeti hata Japani. "Nilikuwa nachora kwanza," akasema, "halafu naenda kutazama mahali." Alikuwa na ofisi ya watu arobaini.

Akafika kwenye umri wa miaka thelathini na nane, akaishia hapo.

"Na baada ya hapo, Madam?"

"Baada ya hapo nilijifunza kazi."

Alikwenda kuwa kibarua wa fundi mzee wa matao kwa miaka sita. Msanifu mwenye tuzo, anabeba ndoo. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamrudisha nyuma. Nilikuwa nimesikia sawa.

28 Machi
Jasi imefika kutoka upande wa Kenya, mifuko arobaini, baada ya wiki mbili za kukwama mpakani. Ufunguo wa stoo ninao mimi. Amenipa sheria moja: mfuko ukiguswa na maji, hata tone, utupwe shimoni. Jasi iliyoonja unyevu haishiki tena, ila kwa macho huwezi kuitofautisha na nyingine.

5 Aprili
Jana Jumamosi nilikimbilia Busia mapema, sikufunga turubai la kufunika jasi. Upepo wa usiku umenyanyua bati moja la stoo. Nimerudi leo alfajiri na kukuta mifuko tisa imelowa upande mmoja.

Nimeianika, nimeponda mabonge, nimeirudisha katikati ya mingine. Imekauka vizuri, inaonekana kama nyingine. Kuagiza upya ni wiki mbili nyingine za kungoja, na kila mtu angejua sikufunga turubai.

6 Aprili
Kuta zimefika kimo.

9 Aprili
Tao limeanza. Mzee Ochwo anahesabu kwa Dhopadhola akishika kigae, na mafundi wanamwitikia. Sijawahi kumwona akifurahi kazini.

11 Aprili
Mvua. Mistari minne tu ya vigae.

13 Aprili
Leo lazima niandike.

Saa tisa alasiri ilikuwa imebaki mistari sita ya vigae tao lifungwe. Mzee Ochwo alikuwa kwenye jukwaa upande wa geti. Oketcho alikuwa chini, anampitishia vigae. Madam Amparo alikuwa nje akipima msingi wa choo. Mimi nilikuwa mlangoni mwa stoo na mfuko begani.

Hakukuwa na mlio wa kutisha. Ulikuwa mlio mdogo, kama mtu kavunja muhogo mbichi. Kisha ile sehemu ya katikati ikashuka yote mara moja, ikawa vumbi jeupe, na ndani ya vumbi sikumwona Oketcho.

Madam Amparo alinipita akikimbia. Mama mzee yule. Aliingia chini ya kipande kilichokuwa bado kinaning'inia, akaanza kutupa vigae nyuma kwa mikono, na Mzee Ochwo akashuka jukwaani kwa kasi, nikadhani naye ameanguka. Tulimtoa Oketcho. Uso wake ulikuwa mweupe wa jasi na macho yamefumbuka. Paja la kushoto lilikuwa limegeuka upande usio wake. Hakulia. Aliuliza tu, "Nimeangusha kigae?"

Gari la parokia lilimpeleka Tororo hospitalini. Daphine alikimbia kutoka shambani na jembe mkononi, akalipanda gari na jembe lake. Hakuna aliyethubutu kumwambia aliache.

Nilibaki na mfuko begani sijui muda gani. Nilipoutua nikaona kona yake ina alama ya maji.

14 Aprili
Yuko hai. Mfupa wa paja umevunjika mara mbili. Wamemfunga mguu kwa uzito wa kuuvuta, atalala hivyo wiki nyingi.

Sijala.

16 Aprili
Mhandisi kutoka wilayani alikuja kukagua. Alikuwa mpole, aliuliza maswali ya haki. Aliuliza nani alikuwa anakoroga jasi.

Mzee Ochwo akajitokeza. "Ni mimi. Labda maji ilizidi. Mikono yangu imezeeka, sikusikia."

Madam Amparo aliniomba nitafsiri alichosema mzee, nikatafsiri. Akatikisa kichwa. Akamwambia mhandisi, na mimi natafsiri neno kwa neno mbele ya mafundi na akina mama wote: "Fundi huyu hakukosea. Mchoro ni wangu, tao ni langu, kosa ni langu. Andika jina langu."

Kisha akaendelea, bila kuulizwa. Alipokuwa na miaka thelathini na nane alijenga soko katika mji mmoja kwao. Paa lilikuwa jepesi sana, zuri sana, na watu walimsifu kabla halijaisha. Mafundi walimwambia nguzo moja imeanza kuhama. Hakwenda kutazama, alikuwa anapokea tuzo mji mwingine. Paa likashuka juu ya fundi mmoja, baba wa watoto wawili, likamuua. Mahakama ilimwachilia yeye, ikasema ni bahati mbaya. "Tangu siku ile," akasema, "tao langu likifungwa, wa kwanza kukaa chini yake ni mimi, na watu wote wakiwa juu. Safari hii nilikuwa napima choo."

Sauti yangu ilikuwa inasema maneno yake kwa Kiswahili, "kosa ni langu, kosa ni langu," kama vile ni mimi ninayesema. Na sikuwa nasema.

Kazi imesimamishwa.

19 Aprili
Mzee Ochwo hajaonekana. Wanasema amegawa mwiko wake na pimamaji yake kwa mpwa.

21 Aprili
Mvua mchana kutwa.

22 Aprili
Mvua.

24 Aprili
Asubuhi nilimkuta Madam Amparo ndani ya nyumba isiyo na paa. Alikuwa na vipande vya lile tao amevipanga sakafuni kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Alikuwa ananusa jasi, anaikwaruza kwa ukucha.

"Hapa imeshika," akaniambia. "Hapa haikushika. Ni fundi yuleyule, siku ileile. Sielewi. Siku kumi na moja sielewi."

Nikasema, "Mifuko tisa ililowa."

Hakunitazama. "Lini?"

"Kabla ya tao kuanza. Bati lilinyanyuka. Sikuwa nimefunga turubai. Niliianika, nikairudisha."

"Ulijua sheria?"

"Nilijua."

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata kupigwa. Alikaa chini sakafuni, kwenye maji, polepole kama mgonjwa. Akafunika uso kwa mikono yake. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo. "Ungekuwa umeniambia siku ile, ningekasirika nusu saa."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikata. "Usiniombe mimi kwanza. Yuko mzee nyumbani kwake anaamini mikono yake imekufa. Nenda."

Nilikwenda kwa miguu, na mvua. Mzee Ochwo alikuwa amekaa mlangoni akibambua karanga za mbegu. Nilipiga magoti, nikamwambia yote: turubai, mabonge, mfuko wenye alama ya maji. Aliendelea kubambua. Ganda huku, karanga kule. Nilipomaliza, alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, akaigeuza, viganja, migongo, viganja.

"Siku kumi na moja," akasema, "nimekuwa naangalia hii mikono. Mke wangu nauliza kwa nini silali. Wewe ulikuwa najua."

"Nilikuwa najua, Mzee."

"Toka kwangu leo, Maximilla."

Nikatoka. Sijawahi kufukuzwa kwa sauti ya chini namna ile. Afadhali angenipiga.

25 Aprili
Saa moja asubuhi Mzee Ochwo alikuwa wa kwanza uwanjani, na mwiko wake. Alikuwa amekwenda kumnyang'anya mpwa. Hakunisalimia.

27 Aprili
Madam Amparo amekwenda mwenyewe wilayani, na mimi nyuma yake, nikaandikisha maelezo na kutia sahihi. Mhandisi alimuuliza kama anataka nishtakiwe. Akajibu kwamba hilo litaamuliwa na aliyevunjika mguu.

28 Aprili
Nimekwenda hospitali Tororo. Oketcho alinisikiliza huku anatazama dari. Mwisho akasema, "Kwa hiyo sikuangusha kigae." Habari ya kunishtaki hakuigusa. Akageuza uso ukutani.

Daphine alinifuata nje. Nilidhani ananisindikiza. "Usiniambie pole," akasema. "Shamba letu la maharagwe limejaa majani. Mwenye kupalilia umemlaza hapo ndani, na mimi siwezi kuinama tena. Sisemi nakusamehe. Nasema majani yanakua."

2 Mei
Jumamosi. Sikuvuka kwenda Busia. Nimepalilia kwa Oketcho tangu asubuhi. Daphine alikuja kukagua mistari, akaniambia nirudie miwili.

9 Mei
Nimepalilia.

11 Mei
Ruhusa ya kuendelea imetoka, kwa sharti kwamba kila mfuko upimwe.

Nilimkabidhi Madam Amparo ufunguo wa stoo kabla hajauomba. Akaupokea, akampa Mzee Ochwo. Nikangoja aniambie niende zangu. Badala yake akanipa mwiko. "Kuanzia leo unajenga. Utakuwa juu, si stoo."

Nilidhani ni mzaha wa Kihispania. Mzee Ochwo naye alidhani hivyo, maana alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

13 Mei
Amebadilisha tao. Aliwakusanya mafundi wote, akamwaga majivu sakafuni kama alivyofanya Machi, akachora tao jipya. Tao sasa ni fupi zaidi, lina mbavu tatu za matofali mazito, na safu ya pili itafuata ya kwanza kila baada ya mita moja, ili ya kwanza isiachwe peke yake.

Mzee Ochwo akauliza kwa nini, maana sasa tunajua mchoro haukuwa na kosa.

"Ulikuwa na kosa," akajibu. "Ulihitaji kila mtu awe mwema kila siku. Mchoro wa namna hiyo una kiburi. Nyumba lazima isimame hata siku mtu anaogopa na kudanganya."

Nilitafsiri sentensi hiyo ya mwisho mbele ya watu wote. Nilikwama katikati. Walinisubiri nimalize.

16 Mei
Nimepalilia. Daphine aliniletea maji.

20 Mei
Kila asubuhi tunagandisha vigae viwiliviwili kwa jasi ya kila mfuko, tunavining'inizia jerikeni ya maji. Kikibanduka, mfuko shimoni. Leo tumetupa mmoja ambao hakuna aliyejua una shida. Mzee Ochwo alinionyesha jinsi ya kuzungusha kigae kidogo kabla ya kukiachilia. Alishika mkono wangu kuonyesha. Ni mara ya kwanza kunigusa tangu ile siku.

3 Juni
Oketcho ametoka hospitali kwa magongo. Mguu umepungua urefu. Daktari anasema atachechemea maisha yake yote.

Nilimwona akipita barabarani nikiwa juu ya jukwaa. Kigae kilinikaukia mkononi.

13 Juni
Tumevuna maharagwe. Oketcho alikaa kwenye kiti akipiga maganda kwa fimbo, mimi nikipepeta. Baada ya saa nzima akaniambia, "Unapepeta kama mtu wa mjini." Nikakubali.

20 Juni
Tao limefungwa. Kigae cha mwisho aliweka Mzee Ochwo. Alihesabu mpaka thelathini, akaendelea mpaka mia.

27 Juni
Leo ndiyo siku ya kulijaribu. Watu walitoka hata Tororo mjini. Mhandisi alikuwepo. Utaratibu ulikuwa wake Madam Amparo: waliojenga wote wapande juu, wabebe mifuko ya mchanga, na yeye akae chini peke yake kwenye kigoda.

Tulipanda kumi na wawili. Nilikwama kwenye ngazi, Mzee Ochwo akanisukuma mgongoni kama anayesukuma mbuzi. Nilisimama katikati kabisa, mahali palipoanguka. Chini ya nyayo zangu palikuwa na unene wa kiganja, na chini ya hapo mama wa miaka sitini na moja.

Kisha nikasikia fujo kule chini. Nikachungulia ukingoni. Daphine alikuwa anaingia mlangoni, miezi minane, mkono kiunoni. Madam Amparo alikuwa amesimama, amenyoosha mikono kumzuia, anasema hapana, hapana, kwa lugha yake. Mhandisi naye akasogea. Oketcho alikuwa kwenye majani na magongo yake, anamwita mkewe kwa jina.

Daphine hakusimama. "Mwezi ujao nitalala humu," akasema. "Mtoto wangu atalala humu. Mume wangu alivunjikia humu. Mnataka nijue lini kama inashika, nikiwa na uchungu?"

Mtafsiri wa maneno hayo alikuwa juu ya paa. Madam Amparo alimtazama, akamtazama tena, halafu akampisha kigoda. Yeye akakaa sakafuni, karibu yake, na Daphine akamshika bega.

Juu, mafundi walianza kushusha mifuko yao, mmoja akasema tungoje siku nyingine. Mzee Ochwo mwenyewe alikuwa ananitazama mimi. Sikujua kwa nini, mpaka nilipoisikia sauti ya Daphine inapanda kupitia tao, karibu sana, kama yuko chumba cha pili.

"Maximilla. Uko hapo juu?"

"Niko."

"Uko wapi?"

"Juu yako."

Nilisikia kigoda kinasogea chini yangu.

"Basi rukeni."

Mzee Ochwo akanishika mkono. Tukaruka.